Jibu: Maziwa yalikauka wiki 5 zilizopita, je, yanaweza kurudi?

Jambo dada. Umesema mtoto ana miezi 3, uliacha kumnyonyesha wiki 5 zilizopita ulipougua, na sasa bei ya maziwa ya kopo inakushinda. Yanaweza kurudi. Mimi yalinirudia hapa Kadutu, Bukavu, baada ya kukauka karibu mwezi mzima.

Kwanza angalia dawa unazomeza, hasa vidonge vya uzazi wa mpango. Vile vyenye estrojeni hupunguza maziwa. Mwombe muuguzi akubadilishie.

Kisha mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia, hata kama hakitoki kitu. Hapo ndipo wengi tunakata tamaa. Wangu alishazoea biberoni (chupa ya maziwa), akawa analia vibaya akikuta ziwa kavu. Muuguzi akanipa mrija mwembamba: ncha moja ndani ya kikombe cha maziwa, nyingine kando ya chuchu. Akinyonya anapata kitu, na ziwa linaamshwa. Akikataa kabisa, kamua kwa mkono saa zilezile. (Mama mkwe alinishindilia sombe, yaani majani ya mhogo, na uji. Nilishiba vizuri, ila maziwa yaliletwa na kunyonya.)

Kwangu matone yalikuja siku ya 6 tangu nianze kumnyonyesha tena. Kwa wengine huchukua wiki 2 au zaidi. Usipunguze maziwa ya kopo kwa haraka. Apimwe uzito kila wiki, na akikojoa chini ya mara 6 kwa siku, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.