Wafuasi wa Mtandaoni na Kura za Kweli

Wagombea wanaoniomba ushauri kuhusu kampeni ya mtandaoni huanza, karibu wote, kwa kuuliza namna ya kupata wafuasi wengi. Mimi huwarudishia swali: hao walio nao tayari, ni wangapi wanaoishi jimboni, waliojiandikisha kupiga kura, na walio tayari kwenda kubisha hodi kwa jirani? Katika kazi hii ya kuandika na kusimamia kurasa za kampeni nimeona picha ya mkutano wa hadhara ikipendwa na maelfu ya watu ambao wengi wao hawakuwa na haki ya kupiga kura mahali pale.

Mfano wa Howard Dean, aliyekuwa gavana wa Vermont, unafaa kukumbukwa. Mwaka 2003, akiwania uteuzi wa chama cha Democratic nchini Marekani, alitumia blogu na Meetup, mtandao wa kupanga mikutano ya ana kwa ana, kukusanya wafuasi wenye ari kubwa pamoja na michango midogomidogo iliyowashangaza wapinzani wake. Hata hivyo, wapiga kura wa Iowa, jimbo lililotangulia katika kinyang'anyiro hicho cha uteuzi, walipokutana Januari 2004, alishika nafasi ya tatu nyuma ya John Kerry na John Edwards. Barack Obama aliifuata njia hiyo mwaka 2008 na akashinda urais. Tovuti yake, ambayo Chris Hughes, mmoja wa waanzilishi wa Facebook, alishiriki kuijenga, ilimwezesha mfuasi kuitisha kikao nyumbani kwake, kuwapigia simu wapiga kura na kuchangisha fedha, yaani kila aliyeingia alikuta kazi inayomngoja.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia tangazo lolote, mteue mtu wa kujibu maoni. Mtu anayeuliza chini ya picha yako, "Kituo changu kimehamishiwa wapi?", amekwisha kuamua kupiga kura, na kumwacha bila jibu ili upandishe bango jingine ni kumpoteza mtu uliyekuwa naye mkononi. Mjibu kwa jina lake, mpe maelezo ya tume ya uchaguzi, kisha muulize kama yupo mwingine nyumbani anayehitaji msaada huo.

Uvumi nao haukosi, hasa siku za mwisho, na ule unaozagaa zaidi ni kwamba mgombea amejitoa. WhatsApp ilipunguza usambazaji wa ujumbe hadi mazungumzo 5 kwa mara moja mwaka 2019, lakini makundi ya familia na ya kazini bado huusambaza haraka. Usiirudie picha ya kughushi, hata kwa nia ya kuikanusha, kwani utawafikishia wasioiona. Mgombea mwenyewe ajirekodi kwa video fupi, aseme yumo kinyang'anyironi na ataje tarehe ya kura, kisha mawakala waipeleke katika makundi yaleyale yaliyopokea uongo.

Jambo moja linanikera kwa dhati, nalo ni orodha za namba za simu kupitishwa kutoka kampeni moja hadi nyingine. Kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa, iliyofichuka mwaka 2018 na kugusa taarifa za watumiaji wa Facebook wanaokadiriwa kufikia milioni 87, ilianzia kwenye taarifa zilizochukuliwa kwa shughuli moja zikatumiwa kwa nyingine. Mweleze mtu kwa nini unachukua namba yake, na uchaguzi ukiisha, ifute.