Nina milioni 4, nianze na marumaru au bati?

SWALI: Shikamoo dada, mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, niko Olasiti hapa Arusha. Marehemu baba alituachia nyumba ya kupangisha ya vyumba 6, ya zamani kidogo, choo na bafu ni vya kushea, kila chumba elfu 60 kwa mwezi. Tangu mwezi wa 5 vyumba viwili viko wazi, dalali anasema wateja wanakuja wanaangalia wanaondoka. Nina milioni 4 ya kikoba. Kaka yangu anataka tuweke marumaru, jipsamu na rangi nzuri tupandishe kodi iwe elfu 70, sababu uwanja wa AFCON umefanya kila mtu huku apandishe. Mwingine ananishauri nichimbe kisima. Ila bati linavuja kwenye hivyo vyumba viwili, shimo la choo linajaa haraka na umeme unakatika kila mtu akiwasha shawa ya moto. Nianze na nini jamani?
Mama J, Olasiti

JIBU: Marahaba Mama J, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee.

Marumaru nakuomba iache kwanza. Hebu tupige hesabu pamoja hapa, vyumba viwili vikiwa wazi unapoteza laki moja na ishirini kila mwezi, toka mwezi wa 5 mpaka huu wa 8 ni laki 4 na elfu 80 imeshaenda. Ukipandisha elfu kumi kumi kwa vyumba vyote 6 unaongeza elfu 60 tu, yani nusu ya unachopoteza sasa hivi, na hapo ni kama vyote vimejaa na hakuna aliyehama kwa kupandishiwa. Kwa hiyo kazi ya hiyo milioni 4 ni kujaza vyumba na kuwafanya waliopo wasihame, basi. Na kabla hujanunua hata msumari wapigie waliohama uwaulize kwa upole nini kiliwatoa, watakwambia ukweli kuliko dalali, maana dalali anataka chumba kipendeze dakika 10 za kuonyesha, mpangaji ndo analala humo mvua ikinyesha.

Umeme ndo unaonitisha zaidi. Shawa ya moto inakula wati 5,000 na kitu, hiyo ni zaidi ya ampia 20, na nyumba nyingi za zamani mtu kaja kuifunga juu ya waya wa milimita 2.5 wa soketi au hata ule wa 1.5 wa taa. Waya unachemka ndani ya ukuta, plastiki yake inayeyuka taratibu na wewe unaona breka inakata tu. Nashukuru hata inakata! Leo hii waambie wapangaji wasiiwashe, najua asubuhi za Arusha zina baridi, wachemshe maji kwanza. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, aivutie shawa waya wake wenyewe wa 4 au 6 kutokana na umbali, breka yake peke yake, na apime ethi (ule waya unaoshuka ardhini) kama inafanya kazi, kwa sababu anayeoga kasimama kwenye maji. Hapo usibane hela kabisa.

Bati lifuate haraka, vuli haiko mbali. Usikubali fundi akwambie tutoe bati lote kabla hamjaangalia. Mwambie aingie darini saa saba mchana jua likiwa kali, azime tochi, kila tundu litawaka kama nyota, aweke alama. Mara nyingi utakuta ni misumari, ule mpira wake umekauka ukapasuka, au ni pale bati linapolalia bati lingine. Hayo ni ya kubadilisha misumari na bati chache. Aguse na mbao kwa ncha ya bisibisi, ikizama ujue imeoza au ina mchwa, hapo gharama inapanda na ndo maana nataka ujue mapema. Jipsamu ukiiweka chini ya bati linalovuja, mvua ya kwanza tu inavimba na kushuka.

Choo, muulize wa gari la kunyonya au angalia mwenyewe, kama baada ya kunyonywa kinajaa tena ndani ya wiki chache, shida haiko kwenye kunyonya, ni lile shimo la pili la kunywea maji limeziba na udongo haunywi tena. Chimba jipya. Pia kagua kama kuna sinki la choo linavuja usiku kucha, wapangaji wote na familia zao wanashea, maji ya sinki moja bovu yanaweza kujaza shimo lenyewe.

Kisima hapana. Kitakumalizia hela yote, na maji ya chini ya ardhi huku kwetu sehemu nyingi yana floridi nyingi, ndo hii inayoacha meno ya watoto na rangi ya kahawia. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita.

Ikibaki hela, rangi kwa vile vyumba viwili vya wazi, ila ukuta ukauke kwanza, na marumaru zisizoteleza bafuni na chooni, baada ya mabomba kumalizika, usije ukazivunja tena kutafuta bomba. Vifaa nunua mwenyewe, fundi mlipe kwa hatua, na tenga kama laki 5 usiiguse, nyumba ya zamani ikifunguliwa huwa na mambo.

Kuhusu AFCON, mashindano ni kama mwezi mmoja, mpangaji wako wa elfu 60 yuko mwaka mzima. Wapangaji wa vile vyumba viwili wakishaingia, subiri mikataba ya waliopo iishe, ndo mkae mzungumze kodi mpya.