Maswali na majibu: Nani afande kwenye picha hii?

Safu iliyopita ilihusu wachoraji wa uhalisia wa karne ya 19 na jinsi walivyochora wanajeshi. Haya ni baadhi ya maswali yaliyofuata.

Mbukwenyi mwalimu! Mchoraji asipoweka nyota wala nishani, nitajuaje nani mwenye amri? (Msomaji, Mpwapwa)

Mbukwa. Angalia watu wamesimamaje, na nani anamtazama nani. Winslow Homer, Mmarekani, mwaka 1866 alichora mateka watatu wa jeshi la Kusini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wakiwa mbele ya Jenerali Barlow wa Kaskazini. Bunduki zao zimelazwa chini. Kati yao na jenerali kuna nafasi tupu, na aliyewahi kupita JKT Makutupora hahitaji kuelezwa: kuruta hamsogelei afande mpaka aitwe.

Sasa mtazame ofisa kijana aliye karibu na jenerali. Koti halijafungwa, mkono kiunoni, anamkazia macho aliyemteka. Vita ameshindwa, lakini cheo hajakivua. Mzee aliye katikati ameshikanisha mikono, nguo zimemchakaa; huyu amri amezizoea, iwe za Kusini au za Kaskazini. Kwa hiyo mchoro mmoja una ngazi mbili za mamlaka, na ile ya pili imo ndani ya kundi la mateka wenyewe. Wengi wanaipita bila kuiona.

Ni kweli Napoleon alivuka Alps juu ya farasi aliyeinua miguu ya mbele? (Mwanachuo, Dodoma)

Hapana. Mwaka 1800 alivuka juu ya nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, si wa Serengeti. Farasi ni wa Jacques-Louis David, aliyechora kwa kumtukuza. Miaka kama 50 baadaye Paul Delaroche alimrudisha juu ya nyumbu: uso umepigwa na baridi, mwenyeji wa milimani ndiye anayeongoza. Mimi huyu wa Delaroche ndiye ningemwogopa vitani.

Kwa nini askari wengine huchorwa kwa mgongo? (Msomaji, Kondoa)

Inategemea mchoraji. Édouard Manet alipochora Maximilian, mfalme wa Mexico, alivyouawa kwa kupigwa risasi mwaka 1867, aliwabananisha askari, wakawa kama mwili mmoja usio na uso. Sajenti yuko pembeni kulia, anashughulika na bunduki yake ya risasi ya mwisho, ile ya kummalizia, hata hatazami kinachotokea. Ni kazi tu.

Aliyeamua yote hayumo. Ila sare za askari zinafanana na za Ufaransa, na Napoleon III wa Ufaransa ndiye aliyemweka Maximilian madarakani kisha akaondoa jeshi lake. Ujumbe ulifika: serikali ya Paris ilizuia mchoro huo kuonyeshwa.

Shikamoo mwalimu. Mjomba ni mwanajeshi. Naweza kumvalisha rafiki yangu kombati yake nimchore? (Msomaji, Chang'ombe)

Marahaba. Usithubutu. Raia kuvaa sare ya jeshi ni kosa, na "nilikuwa nachora tu" haitakuokoa. Mchore mjomba mwenyewe, na shati lake la nyumbani, akiwapangia vijana kazi uani. Mabega usiyapandishe; ukakamavu wa askari mzoefu uko zaidi shingoni na kwenye nyayo.