Jibu: >>> imepotea kwenye ESP32 ya kuvezi. Usifute kwanza

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili na nimekuza picha zako mpaka nikaona namba za pini. Kwa wanaoingia sasa hivi: ndugu yetu wa Kamalondo ana ESP32, bodi ndogo ya kompyuta, yenye MicroPython (Python ya bodi ndogo), inalinda joto la kuvezi yake, sanduku la kutotolea mayai. Anasumbuliwa na mambo matatu. Tangu aweke main.py, faili ya programu inayoanza yenyewe bodi ikiwaka, Thonny, programu ya kompyuta anayoandikia, haipati tena zile alama >>> za kuonyesha kwamba bodi inasubiri amri, inasema tu kifaa kina shughuli. Akiiwasha kwa chaja ya simu, relei (swichi inayowasha balbu ya kupasha joto) ikigonga tu, bodi inajiwasha upya. Na asubuhi nyingine haiwaki kabisa mpaka achomoe waya wa relei. Wengi wamemwambia afute kila kitu aanze upya. Ameweka MicroPython upya bila kufuta, na hali imebaki ileile.

Nakuomba usifute. Nina sababu.

Mwaka 2022, mwezi wa 7. Walio Lubumbashi wanajua usiku wa mwezi wa 7 ulivyo, baridi kavu inapita chini ya mlango, na asubuhi mtu anaota moto wa mbabula, jiko la mkaa, kabla ya kunawa uso. Nilikuwa na kuvezi ya mbao kwenye lupangu letu kule Katuba, ndani yake mayai 40 ya kuku wa kienyeji. Hayakuwa yangu. Ni mama mmoja jirani aliyekuwa ameyakusanya siku 8, moja moja, akaniletea kwenye beseni lenye kitambaa. Siku ya 18 jioni >>> ikapotea. Nilishikwa na woga, nikafuta bodi yote. main.py ikaenda, na ile faili ndogo niliyokuwa naandikia joto la kila dakika 10 ikaenda nayo. Nikaandika programu upya kwa kukumbuka tu, na penye 0 ya relei nikaweka 1. Balbu ikawa inawaka pale ilipotakiwa izime. Nilipoamka saa 11 alfajiri kipimajoto cha kioo kilikuwa kwenye 43, na mayai yanataka 37.5. Siku ya 21 mama alikuja, akaokota yai moja, akaliweka sikioni kwa muda mrefu, akalirudisha polepole mahali pake bila kusema neno. Vilitoka vifaranga 3. Na kilichopoteza >>> siku ile, nilikuja kujua baadaye, kilikuwa kebo ya USB. Programu yangu haikuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana neno "futa" linaniuma. Ukifuta, unafuta na ushahidi.

Halafu angalia kwa nini kuweka upya hakukukusaidia. Kwenye ESP32 yenye kumbukumbu ya 4 MB, MicroPython yenyewe inakaa nusu ya kwanza, na faili zako, main.py ikiwemo, zinakaa nusu ya pili kuanzia 0x200000. Ukiandika programu-msingi mpya kwenye 0x1000 bila kufuta, unabadilisha nusu ya kwanza tu. main.py yako haijaguswa hata kidogo. Bodi inawaka na mfumo mpya, inakuta main.py ileile, inaingia kwenye tatizo lilelile. Hilo lenyewe linatuambia kitu: ugonjwa wa >>> uko ndani ya faili yako.

Kabla ya lolote, chukua nakala ya bodi nzima. Inachukua dakika chache tu. Andika hivi kwenye dirisha la amri la kompyuta (esptool ni programu ya kusoma na kuandika kumbukumbu ya ESP32):

esptool.py --port /dev/ttyUSB0 read_flash 0 0x400000 nakala.bin

Hata tukikosea huko mbele, kila kitu chako kiko ndani ya faili hiyo.

Sasa weka Thonny kando kwanza. Ni chombo kizuri na mimi naitumia kila siku, ila inataka kuongea na >>> tu, na bodi ikiwa inalia kabla ya kufika hapo hutaisikia. Fungua dirisha la amri, uandike amri hii ya kuonyesha kila kitu bodi inachosema:

picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0

Wa Windows watumie PuTTY, poti ya COM, kasi 115200. Kisha bonyeza kitufe cha EN, cha kuwasha upya, kwenye bodi na usome polepole. Usiruke mistari ya mwanzo inayofanana na takataka, maana humo ndimo bodi inaposema ukweli.

Kuna mstari wenye neno boot: na namba. Bodi isiyo na tatizo huandika boot:0x13. Ukikuta boot:0x33, na chini yake flash read err, 1000 ikijirudia bila mwisho, basi tatizo lako la tatu tumelipata bila kushika bisibisi. Tofauti ya 0x13 na 0x33 ni 0x20, na 0x20 ni pini 12. Kwenye picha yako relei imekaa pini 12. Pini hiyo ESP32 huiangalia wakati wa kuwaka ili iamue volti za kumbukumbu yake. Ikiikuta juu, inachagua 1.8 V badala ya 3.3 V, na kumbukumbu haisomeki. Vibao vya relei tunavyonunua, vile vya bluu, vingi vinawashwa kwa 0, kwa hiyo mguu wao wa kuingizia unavutwa juu kupitia taa yake ndogo. Ndiyo sababu ukichomoa waya bodi inapona. Na kwa kuwa mvuto huo ni dhaifu, siku nyingine inawaka, siku nyingine inakataa. Hamisha waya uende pini 26, ubadilishe namba kwenye programu, hilo limekwisha. Ukiwa hapohapo kumbuka kwamba 6 mpaka 11 ni za kumbukumbu yenyewe, usiziguse, na 34 mpaka 39 zinasoma tu, haziwezi kuwasha kitu.

Tuje kwenye >>>, maana hapa ndipo wengi wanapoteza usiku mzima.

Programu yako uliyobandika inaishia hivi:

while True:
    try:
        angalia_joto()
    except:
        pass

Naelewa ulichotaka. Sensa ikikosea mara moja usiku, kuvezi isisimame. Ni nia njema. Lakini hiyo except: isiyo na jina inameza kila kitu, na Ctrl-C, ile ya kusimamisha programu, nayo ni mojawapo. Ukibonyeza Ctrl-C, MicroPython inainua KeyboardInterrupt ndani ya programu, na programu yako inaikamata, inasema pass, inaendelea na mzunguko kama hakuna aliyeita. Thonny ikijiunga inafanya jambo hilohilo, inatuma Ctrl-C na kusubiri. Programu yako inameza hizo nazo. Bodi yako haijafa wala haijaharibika. Inafanya kazi sawasawa na ulivyoiambia: isimsikilize mtu.

Andika hivi badala yake:

    except Exception as e:
        print(e)

KeyboardInterrupt haimo katika ukoo wa Exception, kwa hiyo inapita na kukufikishia >>>. Makosa ya sensa yamo katika ukoo huo, yatakamatwa na kuandikwa, nawe utayaona. Herufi chache tu, lakini kwangu ndizo zinazotenganisha bodi unayoweza kuongea nayo na bodi iliyokufungia mlango.

Utauliza utaibadilishaje na huwezi kuingia. Kuna upenyo mdogo. Kati ya kuwaka na kuingia kwenye try, bodi inasoma mistari ya import juu ya faili na kutafuta sensa, na hapo Ctrl-C bado inasikika. Ukiwa ndani ya picocom, bonyeza EN, uachie, kisha gonga Ctrl-C mfululizo bila kupumzika. Mara ya kwanza utachelewa. Jaribu tena. Mimi bodi moja ya rafiki ilinichukua mara 6 au 7, halafu >>> ikatokea ikabaki palepale. Ukiiona, usiwe na haraka ya kuzima. Andika:

import os
os.rename('main.py', 'zamani.py')

Sasa hata ukiwasha upya, hakuna kitakachoanza chenyewe. Toka picocom kwa Ctrl-A kisha Ctrl-X, rudi Thonny, urekebishe faili kwa utulivu. Tangu mwaka ule, main.py zangu zote zina mistari mitatu tu:

import time
time.sleep(3)
import kuvezi

Kazi yote iko kwenye kuvezi.py. Zile sekunde 3 ni mlango wangu. Mayai hayawezi kupoa kwa sekunde 3, na mimi napata nafasi ya kuingia kila mara.

Damien George alipoianza MicroPython mwaka 2013, kwa michango ya watu kupitia Kickstarter, aliweka Python ndani ya bodi yenyewe, ili uweze kuiuliza swali moja ikujibu papo hapo. Faida hiyo usiitupe kwa kuandika programu ndefu na kusubiri ikuangushe. Iulize. Kwa tatizo lako la pili, la relei kuwasha bodi upya, hakuna njia bora zaidi.

Chomoa kwanza plagi ya 220 ya balbu. Tafadhali, chomoa, usitegemee swichi. Kisha, kwenye >>>:

from machine import Pin
r = Pin(26, Pin.OUT, value=1)
r.value(0)

Relei igonge, usome dirisha. Rudia mara 10, 0 na 1. Ukiona Brownout detector was triggered, umeme wa bodi umeanguka wakati relei inavuta, na balbu haihusiki kwa sababu haimo. Ikiwa haianguki bila balbu lakini inaanguka ukirudisha balbu au feni, basi ni cheche za relei na nyaya za 220 zilizolala juu ya waya wa sensa. Kwenye picha zako zimefungwa pamoja kwa utepe mweusi. Zitenganishe kwa vyovyote vile.

Dau langu ni lile la kwanza, umeme kuanguka, na chanzo chake ni kebo. Umesema kwenye kompyuta inafanya kazi na kwenye chaja hapana. Swali langu ni je, ni kebo ileile? Kebo nyembamba za kwenye meza za barabarani nyingine hazina hata nyaya za data, ni mbili tu za kuchajia, na hizo mbili ni nyembamba kama uzi. Simu haitambui tofauti, ESP32 inatambua. Wi-Fi ikiwaka inavuta umeme kwa mishtuko, na Espressif wenyewe, watengenezaji wa ESP32, wanataka chanzo cha 500 mA au zaidi. Ongeza hapo relei ya 5 V yenye 70 mA hivi. Pima kwa multimeta kati ya pini ya 5V na GND wakati relei inagonga. Kile kipande kidogo cha kushusha volti kwenye bodi kinahitaji zaidi ya volti 1 juu ya 3.3 ili kifanye kazi, kwa hiyo ukiona chini ya 4.5, umempata mhusika. Hata multimeta isiposhuka hivyo, ni polepole mno kuona mshtuko mfupi. Badilisha kebo, iwe fupi na nene, kisha lehemu kapasita ya 470 µF kati ya 5V na GND karibu na bodi, mguu wa hasi upande wa GND. Mimi nimeweka kwenye kila kuvezi. Wenye power bank: nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, hilo ni jambo jingine.

Kitu kimoja cha mwisho nilichokiona kwenye orodha yako ya joto: 85.0, halafu 37.4, halafu 85.0 tena. Hiyo 85 si joto. DS18B20, sensa yako ya joto, ikiwa imewashwa sasa hivi na haijapima, ndiyo namba inayokupa. Unaisoma mara tu baada ya convert_temp, amri ya kupima, na sensa inahitaji milisekunde 750. Weka time.sleep_ms(750) katikati. Na kwa kuwa bodi yako inajiwasha upya kila relei ikigonga, kila mara inaanza na 85, inadhani mayai yanaungua, inazima balbu. Ndiyo sababu unakuta kuvezi imepoa asubuhi wakati programu inaonekana haina kosa. Ongeza sharti la kupuuza chochote kinachozidi 60.

Umesema mayai yako siku ya 9. Usiyaache yasubiri matengenezo. Ukishapata >>>, kaa na kipimajoto cha kioo, uwashe na kuzima balbu kwa mkono, r.value(0), r.value(1), mpaka programu iwe tayari. Usiku wangu wa pili, na mayai mengine ya mama yuleyule, nilifanya hivyo kwa saa nne. Ukishabonyeza EN ndani ya picocom, bandika hapa maneno yote yaliyotoka, usipunguze hata mstari mmoja. Nitakuwa macho.