Kompyuta ya zamani inagoma kurestati baada ya apgredi? Angalia mstari wa mwisho kwanza

Jamani kabla hujaibeba hiyo CPU kwenye bodaboda kuipeleka kwa fundi, soma hapa kwanza.

Nina desktop ya mtumba pale dukani, kazi yake risiti na barua za watu. Haina TPM 2.0 (chipu ya usalama) so Windows 11 haiitaki, na Windows 10 nayo sapoti yake iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, mimi nikawa nshahamia Linux Mint (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows) zamani. Juzi nikaipandisha kutoka 21.3 kwenda 22, yaani kerneli (kiini cha Linux) ikaruka toka 5.15 mpaka 6.8, kila kitu freshi, printa inafanya kazi, ila ukiirestati tu kioo kinakuwa cheusi, feni inaunguruma, basi. Unaenda kunywa chai unarudi unaikuta vilevile. Na ukiizima kabisa ukaiwasha haina tatizo!

Ujinga nilioufanya ni kupiga fomati. Jioni nzima imeenda, bando limeenda, na ikagoma palepale.

Nilichotakiwa kufanya ni kuondoa ile picha inayoficha maandishi wakati inazima. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri). Ili kufungua faili ya mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, andika sudo nano /etc/default/grub, tafuta GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, futa quiet splash zilizo ndani ya alama za nukuu, sevu, halafu sudo update-grub. Izime, iwashe, ndo uirestati. Maneno yatamwagika kwenye skrini, we usihangaike nayo yote, angalia pale yalipokwama.

Ukiona "A stop job is running for..." na sekunde zinahesabika kwenda dakika moja na nusu, hapo kuna programu haitaki kufa. Kwa jirani yangu ilikuwa folda ya mtandao iliyokuwa inasoma kwenye kompyuta nyingine, na hiyo nyingine wameshaizima wakaenda zao nyumbani, tukaitoa kwenye fstab (faili yenye orodha ya diski na folda za kufunguliwa kompyuta ikiwaka) yakaisha. Hii haihusiani kabisa na uzee wa mashine.

Mimi nilikuta "reboot: Restarting system". Hapo Linux imeshamaliza kazi yake na diski zimeshaachiwa, kwa hiyo shikilia kitufe cha pawa bila woga, hupotezi faili. Kilichokwama ni ile amri ya mwisho ya kuiambia bodi (motherboard) ijiwashe upya. Kerneli ina milango kadhaa ya kupigia hodi, kwa kawaida inaanza na ACPI (mfumo wa bodi wa kusimamia umeme) halafu chipu ya kibodi, na bodi nyingine za zamani milango hiyo hazifungui, basi unaichagulia mwenyewe.

Usiandike moja kwa moja kwenye faili, jaribu kwanza. Wakati inawaka shikilia Shift (mashine za UEFI, yaani zisizotumia BIOS ya zamani, gonga Esc) mpaka menyu ya GRUB itokee, bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza reboot=bios, halafu F10. Ikishawaka irestati uone. Ikigoma rudia na reboot=kbd, kisha reboot=pci, na usiache nafasi kabla wala baada ya alama ya sawasawa, mimi niliiacha nikadhani dawa haifanyi kazi. Yangu bios ikakataa, kbd ikakataa, pci ikaitika kabla sijatoa kidole kwenye mausi. Ndo nikaiandika kwenye ile faili ya grub na kupiga update-grub tena.

Kama nembo ya mtengenezaji imetokea ndo ikaganda hapo, basi kurestati kumefanikiwa, chomoa flashi na vyote vya USB kwanza kabla hujalaumu apgredi.

Yale maandishi sijayaficha tena. Shangazi akija dukani nikiwa narestati anashika mkoba wake vizuri, anaamini nadukua benki.