Hodhi lililokataa kukaa sawa na ukuta

SWALI: Assalamu alaikum, Fundi. Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu. Ni ya mawe na chokaa, na tumeirithi kwa nyanya. Katika chumba cha kuogea tumeweka hodhi lenye urefu wa sentimita 170 na upana wa sentimita 70. Upande wa kichwa umegusa ukuta vizuri, lakini ubavu mrefu unaachana na ukuta kidogo kidogo hadi mwishoni kuna nafasi ya sentimita 3. Fundi wetu anataka kuijaza saruji, kisha abandike vigae juu yake. Je, tumruhusu?
Msomaji, Mkomani

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Mzuieni kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya nafasi hiyo itaondoka bila kutumia hata kijiko cha saruji.

Pimeni sentimita 60 kutoka konani kwenye ukuta mfupi na sentimita 80 kwenye ukuta mrefu, mtie alama, kisha mpime kutoka alama hadi alama. Kona iliyo mraba itawapa 100 kamili. Yenu, kwa vipimo ulivyoniandikia, itawapa karibu 101, maana yake imefunguka kidogo, jambo la kawaida katika nyumba za mawe ya matumbawe kama yenu, ambazo mawe yake hayalingani na plasta yake haina unene mmoja.

Sasa lisukumeni hodhi hadi ubavu wake mrefu ulale kwenye ukuta mrefu mwanzo hadi mwisho. Upotovu ule ule wa kona uliozaa sentimita 3 kwa urefu wa 170 utazaa sentimita moja na robo tu kwa upana wa 70, tena upande wa kichwa. Hapo ukuta mfupi upigwe plasta nyembamba inayoanzia sifuri konani na kunenepa kadiri inavyokwenda nje, kabla hodhi halijafungwa mahali pake. Kigae na gundi yake vitapanda juu ya mdomo wa hodhi na kuufunika mwanya uliosalia.

Plasta hiyo iwe ya chokaa, na hili nawasihi mlishike. Ukuta wa matumbawe hupumua: unyevu unaopanda kutoka chini hutokea usoni na kukauka. Ukizibwa kwa saruji, unyevu pamoja na chumvi hukaa nyuma yake, na chumvi inapoganda huisukuma plasta mpaka ivimbe na kubanduka pamoja na vigae. Kwa sababu hiyo hiyo msitumie mchanga wa pwani, wala msipandishe vigae hadi darini. Visimame pale maji yanapokoma kuruka, na juu yake ukuta ubaki na chokaa yake. Iacheni plasta ikauke barabara kabla ya kubandika.

Kubandika nako kusianzie mdomoni mwa hodhi, kwa kuwa mdomo huo mara nyingi hauko sawa kabisa. Wekeni pima maji, mtafute sehemu ya mdomo iliyo chini zaidi, kisha mpigilie ubao mnyoofu ukutani kwa kimo kinachopungua kidogo kuliko kigae kimoja kutoka hapo. Safu ya pili ijengwe juu ya ubao, na ile ya chini ikatwe mwisho, kigae kimoja kimoja, ikiacha milimita 3 juu ya hodhi. Vipande vilivyokatwa kwa mshazari vifichwe konani, navyo visiwe vyembamba kuliko nusu ya kigae.

Ikiwa chumba kiko orofani, mwiteni kwanza mtu anayezijua boriti azikague, maana hodhi lililojaa huweza kubeba zaidi ya kilo 150 za maji, mbali na mwogaji.

Mwanya ule wa milimita 3 msiutie grauti (uji wa saruji wa kuzibia viungo vya vigae), kwa kuwa itapasuka; utieni silikoni, dawa ya kuzibia inayonyumbuka kama mpira. Lijazeni hodhi maji kwanza ili lishuke kwa uzito wake, mpake silikoni likiwa limejaa, na myaache maji humo siku nzima kabla ya kuyafungulia.