Homa bila malaria: angalia maji ya nyumbani

Dada wa Kirumba, Mwanza, pole sana kwa kuuguliwa. Umeuliza kama kijana wako anaweza kuwa na homa ya dengi, ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu, maana kipimo cha malaria hakijaonyesha kitu na chandarua analalia kila siku.

Inawezekana, na chandarua hakikumkosea. Mbu wa dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Wadudu wanaoinuka kama wingu kule ziwani hawahusiki, hata hawaumi. Mbu huyu wa dengi anazaliana kwako nyumbani: pipa lisilofunikwa, tairi bovu, sahani ya chini ya chungu cha maua. Kumwaga maji pekee hakutoshi. Mayai hugandia ukutani mwa chombo na hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kila wiki sugua kuta za pipa kwa brashi, kisha funika vizuri.

Dengi haina dawa ya kuua kirusi chake. Mpe maji, uji na ORS (chumvi maalumu ya kuchanganya na maji) kwa wingi, na parasetamo kwa kipimo cha umri wake. Tafadhali usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Zinaongeza hatari ya kutoka damu. Mpeleke kituo cha afya leo apimwe.

Homa ikishuka usilegee, ndipo hatari huanza. Akiumwa tumbo sana, akitapika mfululizo, akitoka damu fizi au puani, au akilegea, kimbia naye hospitali hata kama ni usiku wa manane.